Janice Radway na wasomaji wa Smithton: uchambuzi wa kisa kimoja katika utafiti wa riwaya za mapenzi

Kwa miaka mingi wasomi walikuwa wakiwasema wasomaji wa riwaya za mapenzi bila kusema nao. Walichukua vitabu vichache, wakavisoma wenyewe, wakamkuta mwanamume mwenye kiburi na binti anayebabaika mbele yake, kisha wakatoa hukumu: mwanamke anayenunua vitabu vya namna hii kila wiki ama hajitambui, ama ameshazoea kukandamizwa. Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mtafiti aliyeona kwamba ni heri kwenda kuuliza. Alipata majibu asiyoyatarajia na akayaandika kwa uaminifu mkubwa. Halafu, alipofika kwenye kurasa za mwisho, akayavisha maana ambayo sidhani waliomjibu wangeitambua kuwa ni yao. Ninakithamini kitabu chake kuliko karibu chochote kilichoandikwa juu ya jambo hili, na ndiyo sababu nataka kuonyesha ni wapi kinasimama imara na ni wapi kinateleza.

Mtafiti huyo ni Janice Radway, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Kitabu chake, Reading the Romance, kilitolewa mwaka 1984 na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha North Carolina. Hadi leo mwanafunzi anayeanza kuchunguza riwaya za mapenzi hukipokea mapema sana, hata kutoka kwa mwalimu asiyekubaliana nacho.

Soko na ugomvi wa wakati ule

Tuanze na rafu za vitabu. Kampuni ya Harlequin ilianzishwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1949, na mwanzoni ilichapa upya vitabu vya bei nafuu vya kila aina. Mwaka 1971 iliinunua Mills & Boon ya London, iliyokuwepo tangu 1908, na ikamchukua W. Lawrence Heisey kutoka Procter & Gamble, kampuni maarufu kwa sabuni. Heisey aliiuza riwaya kama sabuni inavyouzwa. Jina la kampuni lilitangulia jina la mwandishi, na vitabu vikapangwa palepale mama anaponunulia maziwa na mkate. Mwaka 1972 Avon ya New York ikatoa The Flame and the Flower ya Kathleen Woodiwiss, riwaya nene ya kihistoria ambayo mhariri Nancy Coffey aliiokota kwenye rundo la miswada iliyoletwa bila kuombwa. Iliuzwa kwa mamilioni ya nakala. Mwaka 1980 Simon & Schuster nao wakaanzisha Silhouette ili wagombanie wateja walewale wa Harlequin. Msomaji wa Marekani akawa anakutana kila mwezi na majina mapya chungu nzima, majalada yanafanana, na hana namna ya kujua kipi kitamfurahisha na kipi kitamwuma roho.

Wakati huohuo harakati za wanawake zilikuwa zinapigana vita kubwa. Marekebisho ya katiba ya kuhakikisha usawa wa jinsia yalihitaji kuridhiwa na majimbo 38. Yalikwama kwenye 35, na muda ukaisha Juni 1982. Katika hali hiyo, wanawake wasomi walizitazama riwaya hizi kwa wasiwasi wa kweli. Ann Snitow aliandika mwaka 1979 kwamba riwaya za Harlequin ni aina ya ponografia, ila ya wanawake na yenye sura tofauti. Mwaka uliofuata Ann Douglas alidai kwamba kuenea kwake kunaendana na hasira dhidi ya ukombozi wa wanawake. Tania Modleski, katika kitabu chake cha 1982, alikuwa na jicho la huruma zaidi: aliona ndani ya hadithi hizo ghadhabu na hamu ya kulipiza kisasi iliyofichwa chini ya maneno matamu. Wote watatu walikuwa wahakiki hodari. Lakini wote watatu walianzia kwenye kitabu, na msomaji wakambuni kutokana na kitabu hichohicho.

Dot

Radway alikuwa anaamini, kama wahakiki wengine wa kizazi chake, kwamba maana ya kitabu haimo kitabuni peke yake. Watu wanaosoma kwa mazoea yanayofanana huzalisha maana zinazofanana, na profesa wa fasihi ana mazoea yake ambayo si ya kila mtu. Basi kama unataka kujua riwaya ya mapenzi ina maana gani kwa anayeipenda, huna budi kumtafuta anayeipenda. Mhariri mmoja wa kampuni ya Doubleday akamtajia mwanamke aliyekuwa akiuza vitabu katika mji mmoja wa katikati ya Marekani.

Kitabuni mwanamke huyo anaitwa Dorothy Evans, au Dot, na mji unaitwa Smithton. Majina yote mawili ni ya kubuni, kwa ajili ya kulinda siri za watu. Dot alikuwa mwanamke wa makamo, mke wa mtu na mama, mwajiriwa katika duka moja la mtandao wa maduka ya vitabu. Alisoma riwaya za mapenzi nyingi mno, na wateja wakaanza kumwuliza wanunue kipi, waache kipi. Ushauri wake ulipokuwa unaaminiwa hadi foleni inasimama, akaanza kuandika jarida dogo la kupima vitabu vinavyotoka kila mwezi. Sifa zake zikafika New York, na wahariri wakawa wanamtumia vitabu kabla havijatoka ili wapate maoni yake.

Naomba msomaji asimpite Dot haraka. Katika masimulizi mengi ya utafiti huu anatajwa kama mlango tu wa kuingilia kwa wahojiwa. Mimi namwona kuwa mhakiki kamili. Alikuwa na vigezo, alikuwa na wasomaji waliomtegemea, na alikuwa na ujasiri wa kuandika kwamba kitabu fulani ni kibovu wakati mchapishaji wake ndiye anayemletea nakala. Alikuwa akifanya kazi ya uhakiki katika fani ambayo vyuo vikuu vilikuwa havijaona haja ya kuihakiki, isipokuwa kwa kuilaani.

Radway alifika Smithton Juni 1980. Alifanya vikao viwili vya mazungumzo, kila kimoja cha muda wa saa nne, akiwa na wateja 16 wa Dot. Watano aliwahoji kwa kina mmoja mmoja. Alikaa dukani akitazama Dot anavyozungumza na wanunuzi, akasambaza hojaji ambazo wanawake 42 walizijaza, na akarudi tena Februari 1981. Wengi wa wanawake hao walikuwa na umri wa kati ya miaka 25 na 44, wameolewa, wana watoto, na maisha yao ni ya tabaka la kati. Kilichowaunganisha kilikuwa duka hilo na Dot, kwani wengi hawakuwa wakifahamiana kabla ya mtafiti kuja kuwaweka chumba kimoja.

Swali moja, jibu la swali jingine

Hapa ndipo penye utajiri wa kisa chote. Radway aliwauliza wanawake wale juu ya maana ya riwaya za mapenzi, na wao wakamjibu juu ya maana ya kusoma riwaya za mapenzi. Aliuliza habari ya kitabu, wakamweleza habari ya tendo: kukaa chini, kukifungua kitabu, na kutopatikana. Mmoja alieleza kwamba akiwa anasoma, mwili wake umo chumbani lakini yeye mwenyewe hayumo. Wengine walisema kwamba saa ya kusoma ni saa yao, si ya mume wala ya watoto, na kwamba ni kitu pekee katika siku nzima wanachokifanya kwa ajili ya nafsi zao.

Mtafiti mwenye haraka angewarudisha kwenye swali lake. Angewaambia: sawa, lakini turudi kwa mhusika mkuu, mnamwonaje? Radway alisikiliza. Aligundua kwamba jibu lao lilikuwa linamsahihisha, na mwelekeo wa utafiti wake ukabadilika. Katika utangulizi alioandika miaka kadhaa baadaye alikiri jambo hilo waziwazi. Kwa maoni yangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika kitabu, kwa sababu limewafundisha watafiti wa baada yake kutenganisha vitu viwili vilivyokuwa vimechanganywa: hadithi inasema nini, na mtu anafanya nini anapoisoma.

Tazama namna mambo hayo mawili yanavyoweza kupingana ndani ya nyumba moja. Hadithi inamsifu mke anayempa mumewe moyo wake wote. Mwanamke anayeisoma, kwa wakati uleule, amemnyima mumewe muda wake. Waume wa Smithton waliliona hilo vizuri kuliko wahakiki wa chuoni. Baadhi yao walinung'unikia pesa inayokwenda kwenye vitabu na, zaidi ya pesa, walinung'unikia kimya. Wanawake wakawa na utetezi wao. Walisema kwamba vitabu vinawafundisha historia na jiografia, kwamba mwandishi mzuri amefanya utafiti juu ya mavazi, meli na miji ya zamani, na kwamba mama akisoma, watoto nao wanajifunza kupenda kusoma. Radway anaona utetezi huo ulikuwa wa kupunguza hatia. Mimi naukubali kwa sehemu tu. Hatia ilikuwepo, wao wenyewe waliisema. Ila mtu akikuambia kwamba amejifunza jambo kutoka kwenye kitabu, si haki kuanza na dhana kwamba anajitetea. Huenda amejifunza kweli.

Radway aliona pia jambo ambalo naliona kuwa uvumbuzi wa kweli. Katika familia za wanawake hao kila mtu alikuwa na wa kumbembeleza: mtoto ana mama, mume ana mke. Aliyekosa ni mke. Hakukuwa na mtu mwenye wajibu wa kumrudishia nguvu anazozitoa mchana kutwa. Riwaya ilimpa, kwa muda wa kurasa mia mbili au tatu, nafasi ya kuwa yeye ndiye anayetunzwa. Ndiyo maana wanawake wale walipoulizwa sifa za mwanamume bora wa riwaya, walitaja akili, upole na ucheshi. Walipoulizwa juu ya mhusika wa kike walitaka awe na akili, awe mcheshi, asimame kwa miguu yake. Binti mjinga anayebabaika, yule waliyekuwa wakimwona wahakiki, wao walikuwa wakimkataa na kumwita sababu ya kukitupa kitabu.

Hatua kumi na tatu

Baada ya kusikiliza, Radway alirudi kwenye vitabu. Safari hii hakuokota chochote kilichokuwa karibu. Alichagua riwaya 20 ambazo Dot na wateja wake walizihesabu kuwa bora, na akazichambua kwa mbinu aliyoitumia Mrusi Vladimir Propp kwenye ngano za kale. Akapata muundo wa hatua 13.

Mwanzo binti anapoteza nafasi yake katika jamii: amefiwa, amehamishwa, ametengwa na waliomjua. Anakutana na mwanamume mwenye cheo au mali, na hampendi. Mwanamume anamtendea kwa namna isiyoeleweka, naye binti anaamini kwamba anamtaka kimwili tu. Binti anamjibu kwa hasira au ubaridi, mwanamume anamwadhibu, wanatengana. Baada ya kutengana, mwanamume anafanya tendo la upole. Binti analainika. Halafu inakuja hatua ya 10, ambayo ndiyo bawaba ya mlango: binti anaangalia nyuma, na ule ukali wa mwanamume anausoma upya. Haukuwa chuki wala tamaa, anagundua. Ulitokana na jeraha la zamani. Kutoka hapo mwanamume anatangaza mapenzi, binti anaitika kwa mwili na roho, na nafasi aliyoipoteza mwanzoni inarudishwa.

Kwa Radway, hatua hiyo ya 10 ni shule. Inamfundisha msomaji kuusoma ubaya wa mwanamume kama mapenzi yaliyojificha, na hivyo inampa subira pale ambapo angepaswa kudai mabadiliko. Hoja hii ina nguvu, na sitaki kuipuuza, kwa sababu ya jambo moja analolionyesha kwa ushahidi. Wanawake wa Smithton walipoulizwa ni kitu gani hakifai kamwe kuwemo katika riwaya ya mapenzi, walitaja kubakwa, mwisho wa huzuni na mateso ya kimwili. Na mwandishi waliyempenda kuliko wote alikuwa Kathleen Woodiwiss, ambaye katika The Flame and the Flower shujaa wake wa kiume anambaka mhusika mkuu mwanzoni mwa hadithi, akidhani ni kahaba.

Mgongano huo huwezi kuupita kwa kusema kwamba wasomaji wako sawa na wahakiki wamekosea. Wala huwezi kuupita kwa kusema kwamba wasomaji hawajui wanachosoma. Wanawake wale walikuwa na namna yao ya kutofautisha. Kosa lililotokana na kutoelewana, ambalo mwanamume analijutia na kulilipia katika kurasa zilizobaki, waliweza kulivumilia. Ukatili usio na sababu, au unaorudiwarudiwa, ulikifanya kitabu kuwa kibovu hata kama kingemalizika kwa ndoa. Ningependa Radway angekaa hapa muda mrefu zaidi. Alikuwa na watu mbele yake wanaochora mpaka katikati ya jambo gumu kabisa, na ilifaa awaulize tena na tena mpaka huo unapita wapi na kwa nini.

Pale anapowaacha

Badala yake, kitabu kinageukia nadharia. Radway anamwita Nancy Chodorow, mwanasosholojia ambaye mwaka 1978 alitoa kitabu juu ya umama, akitumia saikolojia ya Freud kueleza kwamba binti anayelelewa na mama peke yake hubaki maisha yake yote na hamu ya kurudi kwenye ule ukaribu wa kwanza. Kwa mtazamo huo, mwanamume mpole wa riwaya ni mama aliyerudi katika umbo la kiume. Msomaji anapolia kwa furaha kwenye ukurasa wa mwisho, anampata mama yake.

Huenda ni kweli. Ila hakuna mwanamke wa Smithton aliyesema hivyo, na hakuna hojaji ingeweza kuonyesha kwamba si hivyo. Hiyo ndiyo shida. Katika sura ya kusoma kama tendo, kila hoja ya Radway ina mtu nyuma yake, na mtu huyo angeweza kusimama akasema, hapana, sikukusudia hivyo. Katika sura za saikolojia hakuna wa kusimama. Mwandishi ni yuleyule, wahojiwa ni walewale, lakini uzito wa ushahidi umebadilika, na kitabu hakimwambii msomaji kwa sauti ya kutosha kwamba umebadilika.

Kisha linakuja hitimisho. Radway anakubali kwamba kusoma kwa wanawake hawa ni upinzani mdogo: wanakataa, kwa saa moja au mbili, kuwa watumishi wa kila mtu. Lakini anasema upinzani huo unaishia hapohapo, kwa kuwa hadithi inamrudisha msomaji nyumbani akiwa ametulia. Anamaliza kwa kutamani dunia ambamo furaha inayopatikana kwa kusoma riwaya za mapenzi haitahitajika tena. Kila nikifika hapo huwa naona uchungu. Amekula kwa Dot, amesikilizwa na wateja wake, na baraka anayowaombea ni kwamba siku moja wasihitaji kitu wanachokipenda.

Waliojibu

Ien Ang, aliyekuwa Uholanzi, ndiye aliyegusa kidonda hicho kwa ustadi zaidi. Yeye mwenyewe alikuwa amefanya utafiti wa kufanana na huu juu ya tamthilia ya televisheni ya Dallas, kwa kutumia barua alizopokea baada ya kuweka tangazo katika jarida la wanawake liitwalo Viva. Barua zilikuwa 42, idadi ileile ya hojaji za Smithton. Mwaka 1988 alimkosoa Radway kwa kuichukulia raha ya wasomaji kama dalili ya ugonjwa unaohitaji kuelezwa, wakati raha ni kitu chenye thamani yake. Alihoji pia ule mgawanyo ambamo mwanafeministi ni mmoja na msomaji wa riwaya za mapenzi ni mwingine, kana kwamba mtu hawezi kuwa vyote viwili.

Waandishi wa riwaya wenyewe walijibu mwaka 1992 katika mkusanyiko wa makala uliohaririwa na Jayne Ann Krentz. Uliotoa kitabu hicho ni uchapishaji wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, chuo kilekile alikofundishia Radway wakati wa utafiti. Walisema kwamba katika hadithi hizi anayeshinda ni mwanamke, kwamba mwanamume mkali yupo ili ashindwe, na kwamba msomaji anajua tofauti ya njozi na maisha. Mwaka 2003 Pamela Regis alitoka na hoja ya upande mwingine: huwezi kuihukumu fani nzima, yenye historia ya tangu karne ya 18, kwa kuangalia kikapu cha vitabu vya duka moja. Alipendekeza sehemu nane ambazo kila riwaya ya mapenzi inazo, kuanzia jamii inayowabana wapenzi hadi uchumba. Mwaka 2010 likaanza jarida la kitaaluma la masomo haya, na sasa kuna wanazuoni wanaojitambulisha kwa fani hii bila kuomba radhi.

Hoja ya Regis kuhusu duka moja ni ya haki, na mimi ningeisukuma mbele kidogo. Tatizo halikuwa uchache wa wanawake 42. Watu wachache waliosikilizwa vizuri wana faida kuliko elfu walioulizwa ndiyo au hapana. Tatizo ni kwamba wote walipitia kwa Dot. Vitabu walivyoviita bora vilikuwa vimeshapita kwenye chekeche lake, na namna ya kuvizungumzia wengine waliipata kwake. Radway aliliona hilo na akalisema, lakini kitabu kiliposafiri, tahadhari ilibaki nyuma. Katika makala nyingi zilizofuata, wateja wa muuza vitabu mmoja waligeuka kuwa wasomaji wa mapenzi, basi, bila mji wala mwaka.

Wala hawakuwa na rangi. Utafiti unazungumzia wanawake kana kwamba kuwa mwanamke kunatosha kueleza kila kitu. Mwaka huohuo wa 1980 ambao Radway alifika Smithton, mhariri Mweusi Vivian Stephens wa Dell alitoa Entwined Destinies ya Elsie B. Washington, inayohesabiwa kuwa riwaya ya kwanza ya mfululizo wa mapenzi yenye wahusika Weusi iliyoandikwa na mwandishi Mweusi wa Marekani. Stephens ndiye pia aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha nchi hiyo, kule Houston. Kwa msomaji Mweusi, kumwona mwanamke anayefanana naye akibembelezwa na kutunzwa kitabuni ni jambo lenye historia nyingine kabisa, na hakuna kitu katika Smithton kinachoweza kutueleza.

Radway mwenyewe hakukaa kimya. Katika utangulizi wa toleo la Uingereza la 1987 alikubali kwamba amewatazama wanawake wale kwa jinsia tu, na kwamba sauti yake mahali pengine ilikuwa ya mtu anayejiweka mbele ya msafara. Mwaka 1997 alitoa kitabu kingine, A Feeling for Books, juu ya klabu moja maarufu ya vitabu vya kila mwezi. Humo anaeleza alivyokuwa msichana, mwili umefungwa plasta kwa ajili ya ugonjwa wa uti wa mgongo, na vitabu vikawa ndiyo dunia yake. Laiti angeanza na ukurasa huo alipokwenda kwa Dot. Mtu aliyeokolewa na kitabu akiwa kitandani ana lugha ya kuzungumza na mama anayeokolewa na kitabu akiwa jikoni.

Tukikileta kisa hiki kwetu

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kutenga riwaya pendwa, yaani za kuburudisha umma, na riwaya dhati, zinazohesabiwa kuwa fasihi nzito, na mizani ya kutengea imekuwa karibu siku zote ni ya mhakiki. Kazi nzuri imefanyika. Mwaka 2008 Uta Reuster-Jahn aliandika katika jarida la Swahili Forum juu ya hadithi za mfululizo katika magazeti ya Tanzania, akimwangalia hasa Eric Shigongo, na akamhoji mwandishi huyo kuhusu kazi yake. Mwandishi amesikilizwa. Anayenunua gazeti, akalisoma kwenye daladala, akamwachia mwenzake saluni, naye anahitaji kikao cha saa nne.

Ila atakayekwenda asibebe majibu ya Smithton mfukoni. Wanawake wa Dot walitaka uhakika wa mwisho mwema kiasi kwamba baadhi yao walisoma kurasa za mwisho dukani kabla ya kulipa. Kwao hiyo ilikuwa kinga: sitampa mwandishi machozi yangu kabla sijajua ananipeleka wapi. Hadithi ya gazeti haina ukurasa wa mwisho wa kuchungulia. Sehemu inakatika mlango ukiwa unagongwa, unaambiwa usikose wiki ijayo, na pengine mwandishi mwenyewe bado hajaamua nani atakufa. Msomaji anayekubali mapatano hayo anatafuta kitu kingine, au anakitafuta kwa njia nyingine, na wiki ile nzima ya kusubiri anaijaza kwa kubishana na wenzake juu ya nani alaumiwe. Smithton kila mmoja alisoma peke yake, mlango umefungwa. Hapa kwetu sehemu kubwa ya kusoma hufanyika gazeti likiwa limeshakunjwa, watu wawili watatu wanamsema mhusika kama jirani yao. Mtafiti akianza na swali la muda wangu peke yangu, huenda akajibiwa kwa heshima na asipate kitu. Aanze kwa kuuliza baada ya kusoma ulimpigia nani simu.